Mpima Maziwa Aliyependa Marashi ya Maua

Kabla ya saa nne asubuhi hukuthubutu kumkaribia ukiwa umejipaka kitu chenye harufu. Marashi hayakutajwa kabisa, mafuta ya nywele yalikuwa kosa, na hata sabuni ya kuogea ikiwa kali aliitolea macho. Mimi nilikuwa na kibanda cha vipodozi hatua kama ishirini kutoka kituo cha maziwa, pale Garsen, na mwaka wangu wa kwanza nilidhani ananichukia. Nikifungua mlango mapema, ananyoosha mkono bila kugeuka, maana yake funga. Nilifunga. Nilingoja mpaka gari la maziwa liondoke kwenda Malindi ndipo nikapanga chupa zangu mezani.

Kazi yake ilikuwa kunusa. Kituo kilikuwa cha kikundi cha akina mama wafugaji, na kila alfajiri walileta mitungi yao, wengine kwa pikipiki, wengine kwa punda, wengine kichwani. Kulikuwa na chombo cha kioo cha kupimia uzito wa maziwa, naye alikitumia kwa sababu wanunuzi walitaka kitumike. Lakini kila mtu kwenye foleni alijua kwamba uamuzi ulishatoka kabla chombo hakijalowa. Alifungua kifuniko, akainama, akavuta pumzi moja fupi, akafumba macho. Kisha alisema moja ya maneno mawili: "Mimina," au "Rudisha."

"Rudisha" lilikuwa neno zito. Maziwa hayangoji kesho katika joto letu. Mwanamke aliyeambiwa hivyo alikuwa ameamka usiku kukamua, ametembea, amepanga foleni, na sasa ana mtungi asiojua aupeleke wapi. Kwa hiyo walibishana naye. Namkumbuka mmoja aliyeapa kwa Mungu mara tatu kwamba maziwa yake hayana maji.

"Ng'ombe ametoa maziwa," Mpima Maziwa akamwambia. "Mto umetoa maji. Na wewe umewakutanisha. Nyinyi watatu mmekubaliana, mimi nakataa."

Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Kwao walisema Kiorma, na ngeli zetu aliziona ni mzigo wa bure. Kila kitu kwake kilikuwa "hii" na "iko". Hii maziwa iko na moshi ya mafuta taa. Hii mtungi iko na sabuni. Lakini alichotaka kusema kilifika, tena kilifika haraka kuliko cha sisi tuliosomea.

Siku moja alikataa maziwa ya mdogo wake wa tumbo moja. Alisema ng'ombe amechomwa sindano, dawa bado imo. Mdogo wake akakana. Baadaye mchunga ng'ombe akakiri kwamba ndama alikuwa anaumwa na mama yake alichomwa pia, kwa tahadhari. Hilo halikusaidia kitu. Mdogo mtu hakumsemesha mpaka Ramadhani. Nilimuuliza kama iliuma.

"Iliuma," akasema. "Lakini maziwa inanywewa na watoto wa watu."

Saa nne ikifika, gari likishaondoka, alinawa mikono mpaka viwikoni, akajifuta kwa leso, akavuka hatua zile ishirini, akakaa juu ya kreti ya soda ndani ya kibanda changu. Hapo alikuwa mtu mwingine.

"Haya," anasema. "Umeleta nini?"

Hakununua sana. Viatu vyake vilikuwa kandambili moja iliyoshonwa kwa waya, na madera yake niliyajua yote manne. Lakini marashi aliyapenda kwa namna ambayo sijaiona kwa mtu mwingine, na alikuwa na njia yake ya kuyapima ambayo alinifundisha bila kusema kwamba ananifundisha. Kwanza, hakunusa chupa. Chupa, alisema, inaongea kama dalali. Pili, hakupuliza kwenye kifundo cha mkono, kwa sababu mkono unashika kila kitu. Alikunja dera, akapuliza mara moja tu, upande wa ndani wa kiwiko, akaacha. Wateja wangu wengine walikuwa wakisugua mkono kwa mkono, naye aliwakemea hata asiowajua: "Unaponda ua! Wacha ikauke yenyewe!"

Halafu aliondoka. Alikwenda nyumbani, akapika, akaswali adhuhuri, akarudi. Alinusa. Akaondoka tena. Alasiri akarudi mara ya mwisho. Hapo ndipo alipotoa hukumu, na haikuwa neno moja kama kwenye maziwa. Marashi aliyapa nafasi ya kujieleza.

Wengine mjini walipenda udi na mafuta mazito ya Kiarabu. Yeye nyumbani alifukiza ubani kama kila mtu, lakini mwilini hakuutaka. Alipenda marashi ya kike ya maua mepesi, yale yanayotoka kwenye chupa kama hewa ya baada ya mvua. Nilimuuliza sababu.

"Asubuhi yote pua yangu iko ndani ya zizi," akasema. "Mafuta, moshi, ngozi ya mnyama. Ikitoka huko haitaki mtu wa kuikumbatia. Inataka maji."

Kwenye maboksi kuliandikwa majina ya maua ambayo mimi wala yeye hatujawahi kuyaona. Nilimsomea, akakataa, akayabatiza upya. Peoni aliita waridi iliyooga. Frizia aliita ua la mlimau ambalo bado halijafunguka. Kulikuwa na moja lililosemekana ni la yungiyungi, na hilo alilikubali moja kwa moja, kwa sababu wakati wa kiangazi watu wake huteremsha ng'ombe kwenye mabwawa ya delta na mayungiyungi anayajua tangu utoto. "Ndiyo," akasema, "maji kwanza, ua baadaye." Na yalikuwapo marashi ya bei kubwa ambayo mke wa afisa mmoja aliyasifu sana. Mpima Maziwa aliyavaa siku nzima, akarudi alasiri, akaniambia taratibu ili yule mama asisikie: "Hii ni mathenge. Wameichukua hapa, wameitia kwenye chupa, wameturudishia." Tangu siku hiyo kila mathenge, ile miti yetu ya miiba, inapochanua kando ya barabara nacheka peke yangu, maana alisema kweli, ni asali ileile na vumbi lilelile.

Marashi yake hasa yalikuwa katika chupa ya rangi ya waridi hafifu, yenye kifuniko cha duara. Aliyapima mara ya kwanza mwezi wa pili, joto likiwa kilele. Nakumbuka hukumu yake karibu neno kwa neno. Mwanzo, alisema, ni ndimu na tunda bichi lililokatwa sasa hivi, unataka kumeza mate. Hiyo haikai, ni salamu tu. Halafu anakuja asumini, lakini asumini mdogo, si yule wa harusi anayeumiza kichwa, na nyuma yake waridi. Hapo ndipo penyewe. Mwisho inabaki ngozi safi, kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.

"Kosa lake moja," akasema. "Ni ya watu wa baridi. Haijui mwezi wa pili wa Garsen. Adhuhuri imekufa."

Hakukubali ife. Alianza kupaka mafuta ya mgando kidogo yasiyo na harufu kwenye kiwiko kabla ya kupuliza, na marashi yakashika mpaka alasiri. Nikawaambia wateja wangu, nao wakadhani ni akili yangu.

Wako waliomsema. Mwanamke mtu mzima, Mwislamu, anatembea sokoni ananukia? Jirani mmoja alikuja kumkanya mbele yangu. Mpima Maziwa hakukasirika. Alimwonyesha dera lake, mikono mirefu mpaka vidoleni.

"Yangu iko huku ndani ya kiwiko," akasema. "Mwenye kuisikia amekaribia sana. Huyo ndiye uende kumuuliza."

Lakini Ijumaa na siku za msiba hakupuliza kitu, na mwezi wa Ramadhani chupa aliniachia mimi niiweke kibandani.

Mimi ni mwanamke wa Kipokomo, wa Kulesa. Baba yangu analima migomba na mpunga ukingoni mwa mto. Kuna misimu ambayo watu wetu wa mashamba na watu wake wa ng'ombe waliogopana, na mwanamke wa upande mmoja hakukaa kwa mwenye duka wa upande wa pili. Misimu hiyo pia alikuja. Aliuacha mlango wazi nusu ili wapita njia wa pande zote waone, akakaa kwenye kreti yake, na hatukuzungumza ila marashi. Aliondoka kabla ya jua kupungua. Hatukuwahi kuizungumzia hata baadaye.

Kwangu mimi hakuwa mpole siku zote. Wakati mmoja nilikwenda Mombasa nikarudi na boksi zima la chupa za waridi hafifu, zilezile alizozipenda, kwa bei iliyonifurahisha. Nilikuwa nimetumia akiba yangu yote. Nilimpa ya kwanza kwa heshima. Alipuliza, na safari hii hakwenda nyumbani. Alisimama palepale.

"Hii ni spiriti na rangi," akasema. "Rudisha."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia hiki si kituo cha maziwa, na kwamba yeye ni mtu wa kunusa ng'ombe. Alichukua leso yake akaondoka. Wiki mbili hakuja. Nikauza chupa nane. Kisha mwalimu mmoja wa chekechea akarudi shingo yake imechubuka, nyekundu, imevimba, na alikuwa na harusi ya dada yake Jumamosi. Nilimrudishia alichonilipa nikampeleka zahanati. Chupa zilizobaki nilizimwaga chooni, moja baada ya nyingine, na harufu yake ilinitapisha, hapo hata pua yangu ilijua.

Kesho yake saa nne Mpima Maziwa alikuja. Alikaa kwenye kreti. Nilingoja aseme. Akaomba maji ya kunywa, nikampa, akaniuliza kama mvua imenyesha kwetu Kulesa.

Sasa nifike kwenye jambo lililomtoa kituoni.

Msimu mmoja wa mvua ulikuja na mafua yaliyoangusha mji mzima. Naye yalimwangusha, akalala siku tatu, akarudi kazini. Alionekana amekonda kidogo, basi. Maziwa yakaendelea kupita, mengine yakaendelea kurudishwa. Kibandani aliacha kuja, akasema kifua bado, nikamwamini.

Asubuhi moja nilikuwa ndani ya kibanda, mlango umefungwa kama desturi, nikasikia harufu ya marashi. Asumini na waridi, nyingi, inaingia kwenye nyufa za mabati. Nikashtuka nikidhani chupa yangu imevunjika. Nikakagua, zote nzima. Nikafungua mlango kidogo. Mpima Maziwa alikuwa mezani kwake, ameinamia mtungi, amefumba macho, na harufu ilikuwa ikitoka kwake. Haikuwa ya kiwikoni. Ilikuwa ya dera zima. Wanawake waliokuwa wakipiga kelele kila siku walitazamana na hakuna aliyesema neno, kwa sababu nani angemwambia yeye?

Nilitoka nikamshika mkono. "Dada, hebu njoo kidogo."

"Nina kazi."

"Njoo tu."

Alinifuata ndani. Nikamwambia, "Nguo yako ina marashi."

"Marashi gani?"

Akainua upande wa dera akauweka puani, akauacha pale muda mrefu. Kisha akalishika upande wa pili, akanusa tena, kama mtu anayetafuta ufunguo mfuko huu na huu.

"Nyingi?" akauliza.

"Nyingi, dada."

"Hata huko nje wanasikia?"

"Hata mimi nimesikia mlango ukiwa umefungwa."

Akakaa. Chupa ilivunjika kwenye sanduku la nguo, alisema baadaye. Aliona vipande vya kioo, akavitoa, akadhani ilikuwa tupu. Nikamuuliza ni siku ngapi sasa anapima bila kusikia harufu. Akaonyesha vidole, vitano na vinne.

Siku tisa. Siku tisa alikuwa akiinama, akivuta pumzi, akifumba macho, na hakukuwa na kitu. Alikuwa akipima kwa kioo, kwa rangi, na kwa nyuso za wenye mitungi.

Nilimwonea huruma nikapata wazo la kijinga. Nikamwambia nitakaa karibu yake mezani, nitanusa mimi, maziwa yakiwa mabaya nitamkanyaga mguu. Pua itarudi, hakuna atakayejua.

Alilifikiria. Niliona kwamba alilifikiria kweli.

"Wewe unaweza kujua dawa ya sindano ndani ya maziwa?"

"Hapana."

"Basi watadanganywa na watu wawili."

Akasimama, akatoka, akaenda mbele ya foleni. Alizungumza Kiorma kwanza, kisha Kiswahili kwa ajili ya wengine. Alisema pua yake imekufa tangu mafua. Alisema siku tisa amepitisha maziwa kwa macho na amerudisha maziwa kwa macho, na hilo ni kosa lake, si la kikundi. Kisha akampa mwenyekiti kile chombo cha kioo.

Kelele zilikuja baada ya hapo. Mama mmoja mtu mzima, mwembamba, anayetoka upande wa Ndera, alisogea mbele. Alhamisi aliambiwa rudisha.

"Niliimwaga," akasema. "Yote. Kwa nini uliikataa?"

Mpima Maziwa alimtazama. "Ulikuwa unaangalia chini. Nikafikiri unaficha kitu."

"Nilikuwa naumwa na jino!"

Wapo waliocheka. Yeye hakucheka, na yule mama hakucheka. Mpima Maziwa alikunja leso yake, akaondoka na harufu yake yote ya maua, na barabara ilibaki ikinukia mpaka karibu na msikiti.

Wiki ile alipanda pikipiki mpaka kwa yule mama na mtungi wa maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe. Habari hii aliniletea mwenye pikipiki, si yeye. Yule mama hakumkaribisha kukaa. Alifungua kifuniko, akainama, akanusa kwa muda mrefu sana, huku Mpima Maziwa amesimama juani. Mwishowe akasema, "Mimina." Wakanywa chai pamoja.

Baada ya hapo alihamia Bura kwa binti yake, ambaye mume wake ana shamba kwenye mradi wa umwagiliaji. Tulipigiana simu siku za sikukuu. Kila nikimuuliza pua, anasema iko njiani. Kituo kikaajiri kijana wa kike mwenye cheti na mashine ndogo inayolia. Maziwa yanapimwa vizuri tu, siwezi kusema uongo.

Mwaka jana alinipigia mwenyewe. Mjukuu wake anaolewa. "Njoo," akasema. "Njoo na marashi, lakini njoo mapema, kabla ya watu."

Nilifika Bura asubuhi. Alikuwa uani, ameoga, amevaa dera jipya, na nywele zake zilikuwa zimelowa bado. Amekuwa mdogo kwa umbo. Alinishika mikono, akaniuliza habari za baba na za mto, kisha akanivuta chumbani akafunga mlango.

"Niambie kweli," akasema. "Nanuka?"

Sikuelewa.

"Mdogo wangu, mtu mzee akinuka hakuna anayemwambia. Mimi sijisikii. Naoga mara tatu kwa siku. Harusi mbili zimepita hapa sikuenda, nilisema mgonjwa."

Pua ilikuwa imerudi, lakini imerudi vibaya. Kahawa ilimnukia mpira ulioungua. Kitunguu kilikuwa sabuni. Maua hayakuwa na chochote. Nilimkaribia, nikanusa shingo yake na kichwa chake kama anavyonuswa mtoto, nikamwambia ananuka maji na jua, basi. Alishusha pumzi.

Nilikuwa nimebeba chupa tatu, zote za maua mepesi. Nilidhani atanyoosha mkono. Akakataa. "Mimi sina pua. Pima wewe. Na ufanye sawasawa."

Nikapuliza kwangu kwanza, moja kiwiko hiki, moja kiwiko kile, ya tatu juu ya kifundo kwa kukosa mahali. Tukakaa. Hakuniruhusu kusema mapema. Tukachambua mchele, tukakaa mbali na waliokata vitunguu ili visiniharibie kazi. Baada ya saa moja akauliza.

"Ya kulia?"

"Imekwisha, imebaki sukari."

"Ya kifundo?"

"Inaumiza kichwa. Ni asumini ya harusi."

"Leo ni harusi," akasema, kisha akatikisa kichwa. "Hapana. Ya kushoto?"

Nilinusa, nikatafuta maneno. Nilikuwa nimeuza marashi miaka kumi na mingapi sijui, na sikuwahi kuulizwa hivyo. Nikamwambia ilianza na chungwa ambalo halijaiva, ganda lake likichanwa. Sasa ni ua jeupe, jembamba, lenye umande, sijui jina.

"Kama nini? Usinipambie."

"Kama maua ya mgomba? Hapana, hayanuki. Kama shamba la mpunga alfajiri, mtu akipita ameshika waridi."

Alikaa akilisikiliza jambo hilo. "Hiyo," akasema.

Nikampaka mafuta ya mgando kidogo kiwikoni, nikapuliza mara moja. Alisimama tuli, mkono mbele, mpaka ikakauka. Alileta kiwiko puani kwa mazoea, akakiteremsha.

Adhuhuri ikapita, wanawake wakajaa uani, ngoma ikaanza upande wa pili wa ua. Yeye alikuwa amesimama mlangoni, hajaamua kutoka. Bibi harusi alimwona kutoka mbali, akaja na hina yake na vitambaa vyake, akamkumbatia kwa nguvu, akakaa hivyo, uso ndani ya bega lake.

"Nyanya," akasema, "unanukia!"

Hakumtazama bibi harusi. Alinitazama mimi juu ya kichwa cha yule msichana, kama anayengoja kusikia maziwa yake yamekubaliwa au la.

"Kweli," nikamwambia.

"Iko mwanzo au mwisho?"

Nilikaribia, nikanusa. "Katikati. Ua bado lipo."

Akavuta mkono wa dera mpaka vidoleni, akamshika mjukuu wake, wakaingia kati ya watu.